Mbwa Anauma na Kukung'uta: Kusoma Mdomo Wake Kwenye Mazoezi ya Ulinzi

Mbwa akishakamata gunia au mkono wa kinga, kisha akaanza kulikung'uta huku na huku, watu waliosimama kando hugawanyika papo hapo. Mmoja atasema mbwa huyu jasiri, anaua. Mwingine atasema ana woga, anatafuta pa kutokea. Mara nyingi wote wawili wameangalia kichwa tu, na kichwa peke yake hakitoshi. Jibu liko mdomoni, miguuni, masikioni, na zaidi ya yote liko kwenye kile ambacho msaidizi au mwenye mbwa alikifanya sekunde moja au mbili kabla mbwa hajaanza kukung'uta.

Msaidizi ninayemtaja hapa ni yule anayevaa mkono wa kinga au suti nzima na kuigiza mhalifu. Kazi hii ilipata utaratibu wake Ujerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz na wenzake walianzisha chama cha wafugaji wa German Shepherd, na majaribio ya kazi yakawa njia ya kuamua mbwa gani anafaa kuzalishwa. Leo mtihani huo unaitwa IGP, uko chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, na jina hilo limetumika tangu 2019 badala ya jina la awali, IPO. Una sehemu tatu zenye pointi 100 kila moja: kufuata harufu, utii na ulinzi. Kwenye ulinzi jaji anataka mng'ato uliojaa, yaani unaoshika hadi kwenye magego, wenye nguvu na uliotulia. Waholanzi wana KNPV, chama cha mbwa wa polisi cha tangu 1907, na Wafaransa wana mashindano yao yanayoitwa Ring, ambako msaidizi huvaa suti nzima. Kanuni ni tofauti, lakini mdomo wa mbwa ni uleule, na karibu yote yaliyo hapa chini yanamhusu pia mbwa anayelinda ghala Mombasa au nyumba Mikocheni.

Kukung'uta kunatoka wapi? Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani aliyechunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi, alieleza uwindaji kuwa ni mlolongo: kuona, kukodolea macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata, kuua, kupasua, kula. Kukung'uta ni sehemu ya kuua. Mwangalie mbwa yeyote wa kijijini akimnasa panya buku. Anambana katikati ya mwili, anamkung'uta mara mbili tatu kama mtu anayekung'uta mkeka, na panya ametulia. Hapo hakuna hasira, ni kazi tu. Lakini mbwa aliyebanwa, anayeona hatari iko mbele yake na kamba iko nyuma yake, naye hutikisa kichwa, na huyo anataka kile kitu kimwachie, au kisogee mbali. Kwa mtazamaji wa haraka hao wawili wanafanana, ndiyo maana makosa ni mengi.

Kabla ya kumlaumu mbwa, kagua gunia

Zoezi likiisha, chukua mkono wa kinga uupeleke kwenye mwanga. Kifuniko cha juti au katani kinatunza ushahidi. Mbwa aliyejaza mdomo anaacha doa pana la mate, na nyuma ya matundu ya chonge unaona mahali magego yalipokandamiza nyuzi zikalala. Aliyeuma kwa ncha anaacha matundu ya chonge karibu na ukingo, na nyuzi zimevutwa kuelekea upande mmoja hadi zikakatika. Nyuma ya hapo kitambaa ni kikavu. Anayetafuna anaacha matundu yaliyotapakaa mkono mzima, hayana mpangilio. Weka kifuniko safi kwa kila mbwa unayemchunguza, la sivyo utakuwa unasoma meno ya mbwa wa jana.

Jambo la pili ni simu. Nyingi sasa zinarekodi kwa mwendo wa taratibu. Anayerekodi asimame ubavuni mwa mbwa, aone kona ya mdomo, miguu ya nyuma na kamba kwa pamoja. Video zinazopigwa kutoka nyuma ya msaidizi zinapendeza kuwaonyesha marafiki, ila hazionyeshi kamba, na kamba ndiyo yenye makosa mengi.

Mdomo umejaa, anakung'uta, mwili umelegea

Gunia limeingia hadi kwenye magego, kona za mdomo zimeguswa. Masikio yako mahali pa kawaida au yamerudi kidogo tu kwa ajili ya nguvu. Mkia uko usawa wa mgongo au juu yake. Miguu ya nyuma imeshika ardhi. Anakung'uta pale gunia linapopapatika, na likitulia naye anatulia, lakini haachii wala halegezi.

Huyu hana tatizo. Anaua windo, basi. Kwa mbwa mchanga ningefurahi kuliona hilo, maana ni dalili kwamba anaamini anaweza kushinda. Msaidizi afanye jambo moja: mbwa akikung'uta vizuri, gunia "life". Lilegee, kisha aliachie, mbwa aondoke nalo. Mbwa atajifunza kwamba nguvu yake inamaliza kazi.

Ukitaka kwenda kwenye mashindano ya IGP itabidi kumfundisha utulivu baadaye, kwa kumpa ushindi pale anapobana na kusukuma mbele badala ya pale anapokung'uta. Usiharakishe hili. Mbwa wa miezi minane akikatazwa kukung'uta mara nyingi anajifunza kuwa na wasiwasi kwenye gunia, na wasiwasi ni mgumu kuutoa kuliko kukung'uta.

Kila akikung'uta, mdomo unateleza kuelekea ncha

Hapa ndipo wengi wanakwama, na hapa ndipo inapofaa kukaa.

Mbwa anakamata vizuri. Anakung'uta mara moja, magego yanatoka. Mara ya pili, ameshikilia kwa chonge tu. Mara ya tatu gunia liko chini na mbwa anaruka kulitafuta. Mwenye mbwa anasema mbwa hana taya. Mara chache sana ndivyo ilivyo.

Angalia kamba kwanza. Mshika kamba aliyejiegemeza nyuma kwa uzito wake wote anamng'oa mbwa kwenye gunia bila kujua. Mbwa akivutwa nyuma anang'ang'ania kwa kile alichonacho, na kadiri anavyovutwa ndivyo gunia linavyotoka mdomoni kidogo kidogo. Kukung'uta kunamaliza kilichobaki. Kamba iliyokaza kabla ya kuuma inajenga hamu, hilo ni kweli, na ndiyo maana watu wanaizoea. Lakini mbwa akishauma, kamba inatakiwa iwe na ulegevu wa kumruhusu asogee mbele nusu hatua. Jaribu hivi: mbwa akiwa ameuma, mshika kamba apige hatua moja kuelekea kwa msaidizi. Kama mdomo unajaa mara moja, umeshapata jibu, na mbwa hakuwa na kasoro yoyote.

Kama haukujaa, mwangalie msaidizi. Je, alitoa gunia kwa kuchelewa, mbwa akafika likiwa bado linakwenda pembeni? Mbwa aliyelenga katikati akakuta ukingo atauma ukingo. Je, alivuta gunia kwa nguvu mara tu meno yalipogusa? Kuna sekunde moja baada ya kugusa ambapo mbwa anatafuta kuingia ndani zaidi, na msaidizi mzuri humwachia sekunde hiyo. Je, anavuta kwenda juu, mbwa akabaki ananing'inia na miguu ya mbele hewani? Mbwa asiye na ardhi hawezi kusukuma, anaweza kukung'uta tu.

Halafu kifaa chenyewe. Mkono mgumu wa mbwa wakubwa ukipewa mbwa wa miezi saba haumwingii mdomoni hata akitaka. Rudi kwenye kitambaa au mto laini mwembamba, mwache ajaze, na ongeza unene taratibu. Watoto wa mbwa nao wana suala lao: kati ya miezi minne na saba hivi meno 28 ya utotoni yanatoka na kuja 42 ya ukubwani. Ufizi unauma. Mtoto aliyekuwa anajaza mdomo vizuri akianza kuuma kwa ncha katika umri huo, funua mdomo wake uangalie kabla ya kufanya lolote. Ukiona pengo au damu kwenye gunia, simamisha kazi ya kuvutana mpaka chonge mpya zikae. Atakuwa amepoteza wiki chache. Ukimlazimisha, atajifunza kuwa gunia linauma, na hilo halifutiki kwa wiki chache.

Mambo haya yote yakiwa sawa na bado mdomo unateleza, basi fundisha kusukuma. Msaidizi akae kimya, gunia lielekezwe kwa mbwa, kamba ilegee. Mbwa akichoka kusubiri atalegeza mdomo nukta moja na kuusukuma mbele ajaze. Hapo hapo, kwenye nukta hiyo hiyo, msaidizi ayumbe kama aliyeshindwa na aachie gunia. Usingoje aanze kukung'uta tena, maana utakuwa umelipa kukung'uta. Inahitaji msaidizi mwenye macho, na ndiyo maana nasema pesa ya kwanza umlipe msaidizi mzuri kabla hujanunua vifaa vya gharama.

Anatafuna, anahamisha mdomo huku na huku

Tofautisha kutafuna na kujaza upya. Anayejaza upya analegeza kidogo, anaingia ndani zaidi, anabana. Anakwenda mbele. Anayetafuna anahama kushoto, kulia, nyuma, na kila akihama anaishia na kidogo kuliko alichokuwa nacho. Kiganja cha msaidizi ndani ya mkono wa kinga kinalisikia hilo mapema kuliko macho ya aliye nje, kwa hiyo muulize.

Sababu kubwa ni wasiwasi. Mbwa hajui kama yuko salama pale alipo. Tafuta kinachomtia wasiwasi: msaidizi anayemkodolea macho kwa karibu mno, fimbo inayopunga juu ya kichwa mapema kuliko uwezo wake, uwanja mgeni, au mwenye mbwa anayepiga kelele nyuma. Ondoa kimoja kimoja. Mwambie msaidizi ageuze uso na kifua pembeni. Mbwa wengi huacha kutafuna kwenye zoezi hilo hilo, na hapo unajua shinikizo lilikuwa machoni.

Wapo pia wanaotafuna kwa sababu gunia limekufa muda mrefu na hawajui wafanye nini nalo. Hao dawa yao ni kinyume: gunia lijaribu kutoroka ghafla kila mdomo unapolegea. Usiwatibu wa kundi la kwanza kwa dawa ya la pili. Mbwa mwenye wasiwasi akinyang'anywa gunia anathibitishiwa hofu yake.

Ananguruma huku akikung'uta

Wamiliki wengi wanaipenda sauti hii. Mimi hunifanya nimwangalie mbwa kwa makini zaidi. Mngurumo mzito, mdomo umejaa, mwili unasukuma mbele: huyo anapambana, ameona kwamba msaidizi ni mpinzani, na anaweza kuendelea vizuri. Mngurumo mwembamba wa juu, masikio yamelazwa kabisa, weupe wa macho unaonekana, matako yameshuka na mwili unaelekea nyuma: huyo anaomba nafasi. Kukung'uta kwake ni kusukumia mbali. Msaidizi akirudi nyuma hatua mbili na mngurumo ukakoma huku mbwa akijaza mdomo, alikuwa amezidiwa. Baki kwenye umbali huo siku kadhaa.

Anakung'uta zaidi wewe mwenyewe unapomsogelea

Mbwa ameshinda gunia, anaondoka nalo, unamfuata. Anakung'uta kwa nguvu, anazunguka kukupa mgongo, pengine anaangusha gunia na kulisimamia. Hili halimhusu msaidizi. Mbwa amejifunza kwamba ukifika, gunia linaondoka.

Badilisha maana ya kufika kwako. Mchukue kwa kamba fupi, mtembeze kwenye duara pana gunia likiwa mdomoni, kisha simama ubavuni mwake, kamba ikiinua kichwa kidogo ili gunia lisiguse ardhi. Mpapase ubavuni na kifuani kwa kiganja kilicholegea, taratibu, sauti ya chini. Usiliguse gunia. Mwanzoni atakung'uta, halafu utaona pumzi inashuka puani, taya zimebana na shingo imetulia. Mwache hapo kidogo, mtembeze tena. Akiliangusha mwenyewe, msaidizi alivute haraka kwa kamba iliyofungwa kwenye gunia, na mchezo unaanza upya. Mbwa ataona kwamba kushikilia kwa utulivu ndiko kunakomhifadhia mali yake.

Ukimwambia aachie, ndipo anapokung'uta

Amri ni "Aus" kwa wanaofuata Wajerumani, wengine "achia". Mbwa akisikia neno hilo anabana, anakung'uta, anakodoa macho kumtazama mwenye mbwa. Kwenye video utaona kwamba kukung'uta kunaanza kabla kamba haijakazwa, kwa kusikia neno tu. Neno limekuwa onyo la maumivu. Kila ukiongeza nguvu kwenye mkanda wa shingo unaongeza sababu ya kubana.

Acha kulitumia neno hilo kwenye mkono wa kinga kwa muda. Fundisha kuachia nyumbani kwa vitambaa viwili vinavyofanana: kimoja kinakufa mkononi mwako, umekibana kwenye paja kisicheze, mbwa akiachia, kingine kinapata uhai na anakiuma papo hapo. Neno lije baadaye, mbwa akiwa tayari anaachia. Kisha lipeleke uwanjani, na mara nyingi za mwanzo, akiachia, umruhusu aume tena.

Anauma, anaachia, anarudi nyuma. Au mwili unatetemeka

Simamisha. Mbwa anayedokoa na kuruka nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu, anauma kwa hofu, na kila zoezi la namna hiyo linamfundisha kuuma kwa hofu vizuri zaidi. Huyo ndiye mbwa atakayemuuma mtoto wa jirani aliyekimbia karibu naye. Kutetemeka akiwa amefungwa anasubiri zamu ni jambo jingine. Mbwa wa aina ya Malinois, mbwa mchungaji wa Ubelgiji, hutetemeka kwa hamu, ila ukimfungulia anakwenda mbele. Angalia anakwenda wapi.

Si kila mbwa ni wa kazi hii. Mbwa anayebweka vizuri getini na kukaa nyuma ya geti ni mlinzi mzuri wa nyumba bila kuuma mtu.

Anageuka kumuuma mshika kamba

Kamba inapokuwa imekaza, mbwa hafiki kwa msaidizi, hamu imepanda hadi haina pa kwenda, anageuka na kuuma mguu au mkono ulio karibu. Mara nyingi si chuki. Punguza muda wa kumchochea bila kumpa kitu, tumia mkanda wa kifua badala ya wa shingo, na msaidizi amfikie haraka. Lakini mbwa anayegeuka kwa makusudi kila anaporekebishwa anahitaji mkufunzi mwenye uzoefu akiwa pale uwanjani, siyo maelekezo ya kusoma.

Alikuwa sawa, amebadilika ghafla

Mbwa wa miaka mitatu, mng'ato uliojaa tangu utoto, wiki hii anauma kwa ncha na kuachia akikung'uta. Usirekebishe mafunzo. Nenda kwa daktari wa mifugo.

Kabla ya hapo mwangalie mwenyewe. Inua midomo, tazama chonge zote nne. Jino lililovunjika linaweza kuwa na kidoa chekundu au cheusi katikati, na mbwa anavuta kichwa ukigusa upande huo. Tazama kama nyuzi za juti zimejifunga shingoni mwa jino au zimekwama kati ya magego. Papasa shingo na mabega; mbwa aliyefika kwa kasi na msaidizi asimpokee kwa kuzunguka naye anaweza kuumia shingo. Huku kwetu kuna kupe pia. Magonjwa wanayoambukiza, kama babesia na erlikia, yanamfanya mbwa achoke, awe na homa na ufizi mweupe, na siku za mwanzo mwenye mbwa anaona tu kwamba mbwa hana moyo wa kazi. Funua ufizi. Ukiwa umepauka badala ya kuwa wa waridi, mazoezi yameisha mpaka damu ipimwe. Na jua: mbwa anayepumua kwa mdomo wazi hawezi kujaza mdomo, kwa hiyo anayefanya kazi saa saba mchana atauma vibaya hata akiwa mzima. Fanyeni asubuhi na mapema au jioni.

Na jino likipita kwenye ngozi ya mtu yeyote, hata kwa bahati mbaya, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Beba kadi ya mbwa mkononi.